Kuchagua rivolva ndogo ya kubeba chini ya nguo: mwongozo kamili kwa waswahili wa Texas

Mtu akiingia duka la silaha hapa Texas mara ya kwanza ombi lake huwa ni moja, nipe ile ndogo kuliko zote, na muuzaji anamtolea fasta kitu cha gramu mia tatu na kitu, chepesi mpaka unacheka, unalipa unaenda zako umefurahi. Halafu siku ya kwanza renji, uwanja wa kulenga shabaha, unapiga risasi tano kiganja kinawaka moto, unairudisha kwenye boksi, na kuanzia hapo inalala kwenye droo, ama mbaya zaidi unatembea nayo kila siku na hujui kuitumia. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ikiwa ndogo ni rahisi kubeba na ni ngumu kupiga, na dukani utaonyeshwa ule upande wa kubeba peke yake. Ndio maana hapa bastola yenyewe haiji mwanzo, tunaanza na wewe ni nani kisheria, halafu itakaa wapi mwilini, halafu ndio tunafika kwenye chuma.

Naongea na watu wa Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene na kwingineko ndani ya jimbo hili, manake sheria ninazozitaja ni za hapa na za serikali kuu ya Marekani. Ukihamia jimbo lingine soma upya. Na mtu asije akachukua haya akayapeleka Kenya ama Tanzania, kule silaha ya raia ni leseni kutoka mwanzo hadi mwisho na mambo ya kupita dukani na kitambulisho hayapo.

Hatua ya 1: hakikisha unaruhusiwa, kabla hata ya kugusa

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua na kubeba, kwenye fomu ya serikali inayoitwa 4473 kuna mahali unajaza namba yako ya uhamiaji na mambo yanaenda. Aliye hapa kwa visa ya mwanafunzi, ya utalii ama ya kazi ya muda, sheria ya serikali kuu inamkataza kumiliki na hata kuishika, na hio inahusu pia kukodisha ya renji kwa nusu saa. Kuna mwanya wa wenye leseni ya uwindaji lakini usijitie ujanja na huo mwanya bila wakili. Na wale wenye kesi ya hifadhi haijaisha ama TPS, ile hifadhi ya muda, usiulize kwenye WhatsApp ya kanisa, muulize wakili wa uhamiaji, manake kosa la silaha kwa asiye raia linaweza kuishia kwenye ndege ya kurudi nyumbani.

Dukani bastola yoyote ni miaka 21 kwenda juu. Ile fomu inauliza kuhusu bangi, na hata kama jimbo fulani limeihalalisha kwa serikali kuu bado ni marufuku, inauliza kuhusu hukumu ya kumpiga mke ama mume hata kama kosa lenyewe lilikuwa dogo, na kudanganya kwenye fomu ni kosa kubwa peke yake. Na rafiki mwenye visa ya shule akikuomba umnunulie kwa jina lako, kataa palepale, tangu 2022 kununulia mtu aliyekatazwa kuna kifungo cha mpaka miaka 15.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inaruhusu mtu wa miaka 21 asiyekatazwa kubeba bastola bila leseni, kwa hio wengi wanaona leseni ni kupoteza pesa. Mimi nasema ichukue. Ada ya jimbo ni dola 40, darasa ni la saa chache, na inakutatulia kitu ambacho watu hawakijui: kuna sheria ya serikali kuu ya 1990 inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na mjini huwezi kuendesha gari dakika kumi bila kupita karibu na shule, sasa mwenye leseni ya jimbo hilo ana msamaha na yule anayebeba bila leseni hana. Pia majimbo mengi jirani yanaitambua. Illinois, New York na California haziitambui, madereva wa malori mnanisikia.

Jifunze mabango ya kukataza silaha. Namba 30.05, 30.06 na 30.07 kwenye mlango kila moja ina maana yake, na lile la asilimia 51 kwa maandishi mekundu ni la baa, hapo hata wenye leseni hawaingii nayo. Shule, mahakama, posta na majengo mengine ya serikali kuu, sehemu ya ndani ya uwanja wa ndege, hapana. Kanisani inaruhusiwa isipokuwa wameweka bango ama wamekuambia usiingie nayo. Wauguzi na wale wa nyumba za wazee, hata kama sheria haijakukataza mwajiri anaweza kukukataza na akakufukuza, soma kile kitabu cha sheria za kazi walichokupa siku ya kwanza ukakisaini bila kusoma.

Hatua ya 2: amua itakaa wapi mwilini

Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio inayoamua karibu kila kitu.

Mfuko wa mbele wa suruali ndio sababu ya hizi bastola kupendwa, unaweka mkono mfukoni na hakuna anayeshangaa. Lakini mfuko una masharti yake: bastola isizidi gramu 450 hivi la sivyo suruali inaninginia upande mmoja, isiwe na nyundo ya nje ya kukwama kwenye kitambaa, iwe ndani ya holsta (ala ya bastola) ya mfukoni, na mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote, hakuna funguo, hakuna sarafu, hakuna pipi ya mtoto. Kitu chochote kikiingia mbele ya triga umekwisha. Na angalia suruali zenyewe, zile za kubana za vijana hazifai kabisa, umbo lote linaonekana, na ukikaa kwenye gari huwezi kuitoa.

Kiunoni ndani ya suruali ni tofauti sana, hapo mkanda ndio unabeba uzito, kwa hio gramu 600 ama 700 hazikusumbui ukiwa na mkanda mgumu wa kweli. Mashati yetu ya kitenge yanayoachwa nje ya suruali yanaficha vizuri kuliko nguo nyingi za wazungu, ile michoro inavunja umbo. Wembamba wengi wanapenda mbele karibu na kitovu, wenye kitambi wanaona inawachoma wakiinama wanahamishia nyonga ya kulia nyuma kidogo, jaribu zote mbili ukiwa umekaa pia, kusimama mbele ya kioo hakukufundishi kitu.

Akina mama wanaovaa dera ama sare za hospitali hawana mkanda, na suluhisho la kawaida ni mshipi mpana wa tumboni wa kuvutika. Unafaa kwa sharti moja, uwe na ganda gumu la plastiki linalofunika triga, ile ya kitambaa kitupu mtu anaweza kubonyeza triga kwa nje. Kuhusu mkoba wa mkononi, sijui nani aliuanzisha huu mtindo. Mwizi akipora mkoba amepora na bastola, na mkoba ndio kitu cha kwanza watoto wanapekua wakitafuta biskuti. Kifundo cha mguu kinawafaa wanaokaa kutwa nzima kwenye usukani, kwa wengine ni mbali mno.

Hatua ya 3: uzito, hapa ndipo pa kutulia

Risasi moja ikipigwa na bastola nyepesi na ikapigwa na bastola nzito, ile nyepesi itakupiga teke zaidi, hakuna teknolojia ya kuikwepa hio, ni fizikia tu. Kwa hio kila gramu unayoipunguza kwa ajili ya mfuko unailipa kwa kiganja.

Kwenye rivolva ndogo kuna madaraja matatu hivi. Za chuma kitupu: Smith & Wesson 640 ina kama gramu 630, Kimber K6s kama 650, Colt Cobra ile iliyorudishwa 2017 kama 710, Ruger SP101 inapita 700. Halafu za aluminiamu na plastiki: Smith & Wesson 442 na 642, hizi ni kitu kimoja rangi tofauti, kama gramu 415, na Ruger LCR ya kipimo cha .38 iliyotoka 2009, kama 385. Halafu za skandiamu, kama Smith & Wesson 340PD, kama gramu 335 na inakubali .357 Magnum. Hio ya mwisho wanaoipiga .357 mara ya pili kwa hiari ni wachache, na ni bei ghali kuliko zote nilizotaja.

Ushauri wangu kwa mtu anayeanza ni huu, kama hatua ya pili imekupeleka kiunoni nunua ya chuma na usiangalie nyuma. Tofauti ya gramu 250 kiunoni utaizoea ndani ya wiki, lakini tofauti renji ni kati ya mtu anayepiga boksi zima la risasi 50 akiwa anacheka na mtu anayeacha kwenye risasi ya kumi na mbili. Na jaribio la shabaha la leseni ya Texas ni risasi 50, kwa yadi 3, 7 na 15, hebu fikiria kuzimaliza na kitu cha gramu 385. Kama ni mfukoni basi hakuna namna, ni daraja la kati, ila chagua risasi laini, tutafika huko.

Hatua ya 4: kipimo cha risasi

.38 Special iko tangu mwaka 1898 na bado ndio jibu kwa watu wengi. .357 Magnum ilikuja 1935, ganda lake ni refu kidogo, kwa hio silinda ya .357 inakubali .38 lakini ya .38 haikubali .357, usijaribu kulazimisha. Kwenye mtutu wa inchi mbili .357 inapoteza sehemu kubwa ya kile unachokilipia, baruti nyingi inawaka nje ya mtutu, unapata mwanga wa kukupofusha usiku na kelele ya ajabu. Mimi napenda rivolva ya .357 ya chuma iliyojazwa .38, unapata uzito na uimara, na kiganja kinapumzika.

Siku hizi .32 H&R Magnum imefufuka, mwanzoni mwa 2024 Smith & Wesson wakishirikiana na wasambazaji wa Lipsey's walitoa 432 na 632 za Ultimate Carry, zinachukua risasi sita badala ya tano kwenye umbo lilelile na teke lake ni pungufu waziwazi. Kwa mtu mwenye mkono mdogo ama viungo vinavyouma ningeanzia hapo. Ubaya wake ni risasi, hazipo kila mahali, utaagiza na utalipa zaidi, na asiyeweza kumudu risasi za mazoezi hafanyi mazoezi.

.22 ipo pia, LCR ya .22 inachukua nane na haipigi teke kabisa. Lakini risasi za .22 zinagoma zaidi kuliko hizo nyingine kwa jinsi zinavyotengenezwa, na triga huwa nzito zaidi ili kuhakikisha zinawaka. Ni nzuri kwa mazoezi, ya kujilinda naiacha kwa ambaye hawezi kitu kingine.

Hatua ya 5: triga, nyundo, saiti na mshiko

Chagua isiyo na nyundo ya nje, ama nyundo iliyofichwa ndani kama 642, 640 na LCR ya kawaida. Muuzaji atakuambia yenye nyundo unaweza kuivuta kwanza triga ikawa laini. Ni kweli, na hilo ndilo nalikataa, nyundo ikishavutwa mguso mdogo tu wa kidole chenye wasiwasi unafyatua, na kuishusha salama mikono ikitetemeka ni kazi. Jifunze kuvuta triga ndefu mwanzo mwisho.

Hio triga ndefu huwa ni uzito wa kilo tano na zaidi, kwa hio laini ni muhimu kuliko nyepesi. LCR inasifiwa hapa na sifa zake ni za haki, jinsi ilivyotengenezwa ndani inaenda sawasawa bila ule ugumu wa kuongezeka mwishoni. Dukani omba ruhusa kwanza, hakikisheni wote wawili kwamba silinda ni tupu, elekeza mahali salama, halafu vuta polepole mara kadhaa ukiangalia saiti (kilengeo) ya mbele. Ikicheza cheza kila ukivuta, tafuta nyingine. Angalia pia kama kidole kinafika kwenye triga bila kuuzungusha mkono mzima.

Saiti za bastola hizi za kizamani ni aibu, kifereji juu ya chuma na kibati cheusi mbele, jioni huoni kitu. LCR saiti ya mbele imefungwa kwa pini kwa hio unaweza kubadilisha, za 642 ya kawaida ni sehemu ya fremu yenyewe na hubadilishi, dawa yake ni rangi ya kucha ya machungwa inayong'aa na inafanya kazi kuliko unavyofikiri. Zile za Ultimate Carry zina saiti za kweli na ni sababu nzuri ya kuzifikiria.

Mshiko: ule mfupi unaacha kidole cha mwisho hewani, na bila kidole hicho bastola inaruka juu. Mrefu unatuliza teke lakini unatokeza mfukoni. Raba laini inanata kwenye kitambaa, shati linapanda nayo, mfukoni inagoma kutoka. Uzuri ni kwamba mishiko inabadilishwa kwa skrubu moja, kwa hio usikatae bastola nzuri kwa sababu ya mshiko.

Jambo dogo la kuulizia: kifungulio cha silinda. Smith & Wesson na Taurus unasukuma mbele, Colt unavuta nyuma, Ruger na Kimber unabonyeza. Hakuna kilicho bora, ila ukiwa na mbili za kampuni tofauti mikono itachanganyikiwa.

Hatua ya 6: kodisha kabla ya kununua

Renji nyingi za hapa zina bastola za kukodisha. Chukua mbili, ya chuma na ya daraja la kati, siku moja, risasi zilezile, ukianza na .38 ya kawaida sio zile zenye alama ya +P, yaani zenye nguvu zaidi. Piga kwa yadi 3 halafu 7, polepole. Usiangalie tu matundu kwenye karatasi, angalia kama risasi ya tano bado unaivuta vizuri kama ya kwanza. Wanaotumia mkono wa kulia wakiona matundu yanashuka chini kushoto, mara nyingi ni mkono unashtuka kabla ya mlio, bastola haina kosa. Vaa kinga za masikio, na ndani ya jengo vaa mbili, za ndani ya sikio na za juu, mitutu mifupi inapiga kelele vibaya sana.

Wanaume wenzangu wanaowanunulia wake zao: usimchagulie. Eti yeye ni mdogo basi apewe ndogo, wakati mwepesi wa mkono ndiye anayehitaji chuma kizito. Mpeleke akodishe mwenyewe.

Hatua ya 7: mpya ama iliyotumika

Mpya, 642 na LCR ziko kwenye dola 450 hadi 650 kutegemea duka, Taurus 856 ya risasi sita iko chini ya hapo, Kimber inakaribia elfu moja. Iliyotumika ni soko zuri kwa rivolva kwa sababu nyingi zimebebwa sana na kupigwa kidogo, makovu kwa nje sio shida. Shida iko ndani, na unaweza kuikagua hapo hapo kaunta.

Fungua silinda, hakikisha tupu, angalia tena. Zungusha silinda ikiwa wazi huku unaangalia ile fimbo ya kutolea maganda, ikiyumba imepinda. Angalia ndani ya mtutu ukielekeza mwanga kutoka upande wa pili, pete nyeusi ndani ni dalili kwamba mtutu umevimba, rudisha. Angalia ule mdomo wa mtutu unaopokea risasi kutoka kwa silinda, nyufa hapo ni mwisho wa mazungumzo. Funga silinda uitikise mbele nyuma, ikisogea waziwazi imechoka. Kuna kipimo cha bati nyembamba cha mafundi wa magari, nenda nacho, nafasi kati ya silinda na mtutu iwe karibu inchi 0.004 hadi 0.008, ikizidi 0.010 mimi naacha.

Halafu jaribio kubwa: vuta triga polepole sana mpaka nyundo ianguke na usiachie triga, ukiwa umeishikilia hivyo tikisa silinda kidogo. Inatakiwa iwe imejifunga, mtikisiko kidogo tu. Fanya hivyo kwa kila chemba, yaani kila tundu la risasi kwenye silinda, tano ama sita zote, manake moja inaweza kuwa imechelewa na nyingine zikawa sawa, na ikichelewa risasi haikai sawa na mtutu, inarusha vipande vya risasi pembeni. Mwisho angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimekwaruzwa kuna fundi wa sebuleni alishaifungua.

Hatua ya 8: risasi za kubebea

Zile zenye tundu kichwani zimetengenezwa zipanuke, na zinahitaji kasi, mtutu wa inchi mbili hautoi kasi ya kutosha kwa nyingi kati ya hizo. Kwa hio chagua zilizotengenezwa makusudi kwa mitutu mifupi, Speer Gold Dot ya grein 135 ni mfano wa siku nyingi, ama nenda upande mwingine kabisa na wadkata za grein 148, zile bapa za kulengea shabaha, teke dogo sana, hazipanuki lakini zinaingia vizuri na unazipiga kwa usahihi. Watu wa daraja la kati naomba mjaribu wadkata kabla ya kujitesa na +P. Na +P yenyewe ni kwa bastola iliyoandikwa hivyo kwenye mtutu ama kitabu chake.

Kuna balaa moja la bastola nyepesi. Teke linavuta ganda nyuma kwa ghafla na kichwa cha risasi kinabaki mbele, kinachomoka kidogo kidogo, kikitokeza nje ya silinda bastola inajifunga kabisa. Kupima ni rahisi: jaza tano, piga nne, toa ya tano uilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka badilisha aina.

Hatua ya 9: holsta, na risasi za ziada

Holsta ifunike triga yote, isijikunje ukishaitoa bastola, na ile ya mfukoni ibaki mfukoni ukivuta, isije ikatoka na bastola. Basi. Mkanda ununue mgumu, ni pesa kidogo na unabadilisha kila kitu.

Za ziada kuna ukanda bapa wa raba unaokaa mfukoni bila kuonekana na kuna kile cha mviringo kinachojaza zote kwa pamoja, haraka zaidi ila kinatokeza kama yai. Chochote utakachochukua, ukitoa maganda elekeza mtutu juu na ubonyeze fimbo kwa nguvu mara moja. Ukifanya bastola ikiwa imelala ubavu, chembe za baruti zinaingia chini ya ile nyota ya kutolea maganda, na chembe moja tu inaweza kuzuia silinda isifunge. Watu husema rivolva haikwami, hawajaona hili.

Hatua ya 10: mazoezi na nyumbani

Nyumbani unavuta triga na risasi za bandia za plastiki, risasi za kweli ziko chumba kingine, ukuta unaolenga hauna mtu nyuma. Dakika chache, mara nyingi kwa wiki. Renji beba risasi chache na uache mkono ukianza kuuma, ukiendelea unajifundisha kushtuka. Mwenzako akujazie chemba kwa kuchanganya nzima na maganda matupu bila wewe kuona, triga ikianguka kwenye ganda tupu na mtutu ukachota chini, umejiona mwenyewe.

Rivolva haina kufuli la kidole, triga ikivutwa inapiga, na mtoto akitumia vidole viwili anaweza kuivuta. Sheria ya Texas inampa kesi anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na nyumba zetu unajua zilivyo, Jumapili kuna watoto wa familia nne wanakimbizana hadi chumbani kwako. Kwa hio ni mwilini ama kwenye kasha la chuma lenye namba, hakuna juu ya kabati, hakuna chini ya godoro. Kwenye gari nunua kasha lenye waya wa kufungia kwenye kiti, kwa zile safari za mahali usiporuhusiwa kuingia nayo.

Polisi akikusimamisha, washa taa ya ndani, mikono kwenye usukani, mpe leseni ya gari na ya silaha pamoja, umwambie iko wapi kabla hujasogeza mkono kuelekea huko.

Kama ni mimi nakuchagulia

Mwanamume ama mwanamke wa kubeba kiunoni, mara ya kwanza: 640 ama SP101 na .38 ndani. Mwenye duka anayesimama kaunta kutwa nzima na anataka risasi sita: Kimber, ama Taurus 856 ya chuma kama bajeti ni ndogo, ikaguliwe chemba zote. Mfukoni: LCR kwa ajili ya triga, au 442 kama unataka holsta za kila aina, wadkata ndani. Mkono mdogo na una pesa ya risasi: 432 ya .32. Dereva wa lori anayevuka majimbo: kabla ya bastola piga hesabu ya majimbo unayopitia na mwajiri wako anasema nini, kuna ruti ambazo jibu ni kuiacha nyumbani.

Na kuna mama wa makamo mwenye vidole vinavyouma ambaye haivuti hii triga ndefu hata akijitahidi vipi. Huyo asilazimishwe rivolva kwa sababu tu ni rahisi kuelewa, kuna semi-otomatiki laini kama Shield EZ ya .380 iliyotengenezwa kwa watu wa namna yake, ajaribu hio hio siku ileile renji.